Kifo cha Mama Mawe

Kwa misimu mitatu nilikuwa mama mzazi wa shujaa. Tamthilia yetu iliitwa Mwana wa Mawe, na huyo shujaa, aliyekuwa akinyanyua majabali ya Mwanza kwa mkono mmoja, aliigizwa na Nkwabi. Kila kipindi kiliishia jikoni kwangu: yeye karudi vazi limechanika, mimi namfokea huku nampakulia ugali na sato. Ugali ulikuwa wa kweli, niliusonga mwenyewe, na kufoka kulikuwa kwa kweli pia. Pale Mwaloni ninapouza dagaa, wanawake waliacha kuniita Paskazia, wakaniita Mama Mawe. Nilipenda. Sitadanganya, nilipenda mno.

Kabla ya hayo yote Nkwabi alikaa miaka miwili kwenye chumba changu cha uani, Igogo, akila kwangu. Siku alipopata ile kazi ni yeye aliyewaomba wanichukue na mimi, kisha akaniapia: "Mama, ukitoka wewe, na mimi natoka."

Mwaka huu akaja mwongozaji mpya, Alexander, na neno lake moja: giza. Msimu wa nne utakuwa wa giza. Vazi la buluu likawa jeusi, shujaa akaacha kucheka, na katika vipindi vyote kumi hakuna mtu anayekula. Kisha jioni moja Nkwabi akaja nyumbani, akakaa kwenye kigoda chake cha zamani bila kuniangalia usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

"Wameandika ufe kipindi cha kwanza. Nimekupigania, wamenishinda. Ukitaka nitoke, natoka."

Nani angemwambia atoke? Ana mtoto mchanga. Nikamwambia abaki, tena nikamfariji mimi, mimi ninayekufa! Mdogo wangu Bernadeta alisema kulala kwenye jeneza ukiwa mzima ni kujiitia mkosi. Nilimjibu kwamba nafanya kwa ajili ya mwanangu.

Tulirekodi msiba Jumanne asubuhi. Wakanipaka poda ya kijivu, wakanitia pamba puani, nikafumba macho. Nkwabi alitakiwa ainame alie. Mara tatu hakulia. Wakamtia dawa machoni, wapi! Nikamhurumia. Nikawaza, mtoto huyu ananipenda mpaka machozi yamemkauka.

Mara ya nne aliinama mpaka nikasikia pumzi yake sikioni.

"Nisamehe mama," alinong'ona. "Wazo la kukuua lilikuwa langu. Alexander alitaka kumpa mtu mwingine nafasi yangu. Alisema mimi mpole mno, mtoto wa mama. Ndipo nikamwambia, basi mama afe."

Na hapo akalia. Machozi yakanidondokea shavuni, ya moto, ya kweli kabisa. Nikafumbua macho, nikamtazama.

"Kata!" Alexander akapiga kelele. "Mama, maiti hafumbui macho! Nkwabi, hapo hapo ulipofika, usipoteze!"

Wakanifuta shavu, wakanipaka poda upya. Niliwaacha wapake taratibu, maana nilikuwa nasubiri. Nilitaka kumsikia akisema anatoka, hata kwa uongo. Alikuwa anajifuta kamasi, akiwauliza wa kamera asimame upande gani.

Nikafumba macho, tukarudia. Safari hii alilia vizuri zaidi.