Nyuzi Nyekundu

Mipamba kumi na tisa! Kaka yangu alikuwa ameing'oa yote, ameirundika kando ya choo, kisha akanikenulia meno akingoja ahsante.

"Nimekusaidia, mdogo wangu. Najua ukitoka kliniki unarudi hoi."

Kunisaidia? Nilitamani kumrarua.

Pamba hii imenitoa jasho misimu mitatu. Kuna vijidudu vya kijani vinavyokaa chini ya jani na kulifyonza mpaka kingo zinajikunja na kuwa nyekundu. Mwaka jana shamba zima liliungua hivyo, isipokuwa mipamba michache yenye majani ya manyoya. Jani la namna hiyo linakinyima kijidudu pa kuchomeka mdomo, kinahangaika weee, mwisho kinahamia kwa jirani. Basi safari hii nilipita mstari kwa mstari, napapasa majani kwa chini, na kila mpamba wenye manyoya nikaufunga uzi mwekundu. Hiyo ndiyo ingekuwa mbegu yangu ya mwakani. Sikuwa na nyingine.

"Kule shamba kubwa ninakosimamia vibarua," kaka akasema, "mpamba wenye uzi mwekundu ni mgonjwa, unang'olewa."

"Kwani hapa ni kule?"

"Halafu majani yenyewe yanawasha! Ona." Mikono yake ilijaa vipele mpaka kwenye viwiko.

"Ndiyo kazi yake hiyo, mjinga wee! Ungeyaacha yawakere wadudu!"

Nikapasua tunda moja. Mbegu zilikuwa nyeupe, teketeke, maji matupu. Zilibakiza wiki tatu tu zikomae. Nikamrushia lile tunda, likampata kifuani. Hata hakukwepa.

"Juzi nilikuuliza," akasema taratibu.

Ni kweli, aliniuliza. Alisimama mwisho wa mstari akasema, "Mdogo wangu, hizi nyuzi za nini?" Na mimi, kwa kuwa asubuhi ile alichelewa kunirudishia jembe langu, nikamjibu, "Kama una macho na huoni, usinisumbue."

Nikaingia shambani, nikainama kwenye mpamba mmoja wa ile iliyobaki, isiyo na uzi, nikageuza jani lake. Lilikuwa laini, halina hata unywele. Vijidudu vikakimbia kiubavuubavu, vimenona.

"Nisamehe," kaka akasema.

Sikujua nani amsamehe nani.