Jumamosi za Mzee Mwaniki

Alice hakuwa mtu wa kusahau. Wengine wakikosewa humwachia Mungu. Yeye alimwambia Mungu amsubiri kidogo, kazi hii angeifanya mwenyewe.

Miaka miwili nyuma, trei kumi za mayai zilikuwa ndani ya mashine yake ya kutotolesha vifaranga pale Runyenjes, yamebakiza siku mbili tu kuanguliwa. Ijumaa jua likizama, Sabato ikianza, Mzee Mwaniki, mzee wa kanisa lao dogo la Sabato, aliingia bila hodi. "Mama Gitari, huwezi kufanyisha mashine kazi siku ya Bwana," akasema, akaizima kwa kidole chake mwenyewe. Kesho yake akamwombea toba mbele ya kanisa zima, na baridi ya Julai ikamaliza mengine. Wakulima waliokuwa wakingoja vifaranga wakamwita Alice tapeli, na mwezi haukuisha kabla Mwaniki hajanunua mashine yake, kubwa mara tatu. Kanisani akashuhudia bila haya kwamba yeye huzima swichi kubwa kila Ijumaa, na Mungu huyafunika mayai yake yasipate baridi. Watu wakasema amina. Alice naye alisema amina.

Kisha mita mpya za umeme zikaletwa nyumba kwa nyumba. Winrose, fundi wa umeme, alipomfungia Alice ya kwake, alimweleza taratibu: inapima umeme unaopita, kila nusu saa inaandika kiasi kilichotumika, halafu inatuma rekodi zote ofisini kwa laini ya simu iliyo ndani yake.

"Haijui umewasha nini, mama. Inajua tu ni kiasi gani na ni saa ngapi."

"Hata Jumamosi?"

"Hiyo haijui Sabato," Winrose akacheka.

Alice alikaa na neno hilo siku tatu, akilitafuna kama muwa. Rekodi za Mwaniki hangepewa, maana ni za mteja mwenyewe. Basi ilibidi mteja mwenyewe aziombe, tena kwa kelele. Walipokutana dukani kununua chakula cha kuku, akamchokoza.

"Hizi mita zinatuonea, mzee. Ati yangu inahesabu hata siku sijawasha kitu. Lakini nani ataenda kuwaambia? Hao wanataka mtu mwenye jina."

Mwenye jina akavimba palepale. Mwaniki alipenda ushindi wenye watazamaji, na tena, kama wengi waliozoea mita za zamani, alidhani mita hujumlisha tu, na jumla haitaji siku. Ijumaa iliyofuata, alasiri, akamwita Winrose nyumbani kwake, na akawaalika mchungaji na waumini wengine, Alice akiwemo, wawe mashahidi.

"Hii mita inadanganya!" akanguruma uani. "Mimi Sabato nazima kila kitu. Iulizeni!"

Winrose akawasha tabuleti yake. "Mzee, hii ni habari yako. Siwezi kuisoma mbele ya watu bila ruhusa."

"Soma kwa sauti! Mimi sina siri."

Akasoma. Ijumaa iliyopita, saa moja jioni, nukta moja tano ya yuniti. Saa moja na nusu, nukta moja tano. Jumamosi saa nne, wakati Mwaniki alipokuwa mimbarini, nukta moja tano.

"Rudi nyuma kidogo," mchungaji akasema.

Winrose akarudi Jumamosi tano. Hapakuwa na hata nusu saa moja iliyoandikwa sufuri. Ndipo watu wakasikia feni ikivuma nyuma ya mlango wa stoo.

"Lakini mayai yangekufa," Mwaniki akasema.

"Na yangu?" Alice akauliza.

Mchungaji akausukuma mlango, joto likawapiga usoni. Ndani ya mashine mayai yalikuwa yameanza kupasuka, midomo midogo ikichungulia, milio kila upande. Nje jua lilikuwa limegusa vilima.

"Aliyekosewa ni Mama Gitari," mchungaji akasema. "Aamue yeye kama mashine itazimwa."

Mwaniki aliweka kidole kwenye swichi. "Mama Gitari, hawa wameshafika. Sema neno moja tu, nakuomba."

Alice aliwasikia vifaranga. Milio yao ilimwuma, na hakujidanganya kwamba haikumwuma. Lakini aliitazama ile sura iliyomwombea toba mbele ya kanisa zima, kisha ikarudi nyumbani kuhesabu mayai yake, na huruma yote ikamkauka.

"Zima, mzee," akasema. "Jua limezama."

Akazima. Feni ikanyamaza, vifaranga hawakunyamaza. Mmoja mmoja watu wakaondoka kwenda ibadani, na Mwaniki akataka kuwafuata, lakini Alice alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, hampishi.

"Kaa uwasikilize," akamwambia.