Treni ya Fremu ya Njano

Kila fundi ana ugonjwa wake, na ugonjwa wa Gundi ulikuwa kunyoosha kingo. Miaka ishirini na sita ya kujalidi vitabu ilimfanya asiweze kuona karatasi imechomoza mbele ya mwenziwe bila mkono kumwasha. Kwa hiyo siku ile, alipokwisha kuvishona vitabu thelathini na viwili vya katuni kuwa kitabu kimoja kinene, hakufikiri mara mbili. Alikisukuma chini ya kisu cha mashine, akabana, akavuta mpini. Vipande vyembamba vya njano vikaanguka sakafuni, akavifagia pamoja na takataka nyingine.

Vitabu hivyo walivikusanya utotoni, yeye na kaka yake. Kimoja kilikuwa cha mpelelezi, kingine cha bondia, kingine cha mwanamke rubani, na hadithi nyingine zilikuwa pumba tupu. Kilichowashika ni jalada. Vyote vilikuwa na fremu moja ya njano, na chini ya kila picha ilipita reli, na juu ya reli behewa moja. Namba moja kilibeba kichwa cha treni. Cha mwisho kilibeba behewa lenye taa nyekundu nyuma. Ukivipanga sakafuni kwa namba, behewa hushikana na behewa, na treni nzima hutoka chumbani, ikapita ukumbini hadi mlango wa jikoni. Mama yao alikuwa akiiruka na sufuria mkononi, akiwalaani wote wawili pamoja na dereva wao. Iliwachukua miaka minane kuikamilisha. Namba kumi na tisa walikipata kwa kinyozi, aliyekuwa ameanza kukichana kurasa za kufutia wembe.

Mama alipofariki, nyumba ya kupanga ilibidi irudishwe kwa mwenyewe. Kaka alikuwa mbali, kwenye machimbo ya kokoto. Gundi akabeba sanduku lote. Kaka aliporudi akauliza, "Vitabu viko wapi?"

"Ninavyo mimi. Nilidhani wewe umeshakua."

Neno hilo liliwagharimu miaka tisa ya kutosemezana. Na katika miaka hiyo tisa Gundi hakuipanga treni hata mara moja. Vitabu vilisimama rafuni, migongo nje, apate kuviona tu kwamba vimetimia.

Sasa vumbi la machimbo lilikuwa limejaa kifuani mwa kaka, na shemeji, mke wa kaka, alikuwa amempigia Gundi simu. "Atakwambia usije. Usimsikilize."

Kuomba radhi kwa mdomo kulikuwa kumemshinda Gundi tangu utoto. Akaona aombe kwa mikono: atavirudisha vyote, vimejalidiwa kwa ngozi nyekundu, kazi ambayo hajapata kumfanyia mtu yeyote.

Jumamosi asubuhi shemeji alimfungulia mlango. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Umekosea nyumba, shemeji?"

"Nimekosea miaka."

Kaka alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umenenepa."

"Wewe umekonda."

"Basi tumegawana."

Shemeji akacheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Gundi akakiweka kitabu mapajani mwa kaka. Kaka akaipapasa ngozi, akafungua, akaiona ile fremu ya njano. Mdomo ukabaki wazi.

"Ni vyenyewe?"

"Vyote. Ni vyako."

Kaka akalitupa blanketi pembeni kama mtu aliyepona. "Mama Watoto, ondoa hivyo viti! Treni inapita hapa. Anzia mlangoni, mdogo wangu, uilete mpaka kitandani."

Gundi alisimama kama mlingoti. Kaka akajaribu kukitoa cha kwanza. Hakikutoka. Akavuta tena, kisha akaona uzi.

"Umevishona."

"Ili visipotee, kaka. Visichakae."

"Sasa treni itapitaje?"

Gundi alitoa kisu cha kazi mfukoni, akakata nyuzi zake mwenyewe moja moja, akaibandua ile ngozi nyekundu. Kisha akapiga magoti, akaanza kupanga. Kichwa cha treni mlangoni. Behewa la pili. La tatu.

Hayakushikana. Upande wa kulia mashine ilikuwa imekula vyuma vya kuunganishia vilivyochorwa ukingoni. Upande wa kushoto vilikuwa vimeliwa na gundi na sindano.

"Sogeza," akasema kaka.

"Nimesogeza."

"Sogeza tena."

Alisogeza mpaka karatasi zikapandana. Mabehewa yakabaki kila moja na safari yake.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka kukushtukiza, ufurahi."

"Hata sanduku ulinishtukiza."

Shemeji akatoka taratibu, akasingizia chai. Gundi hakuinua uso. Neno lililomkaa kooni miaka yote likatoka sasa, wakati halina tena kazi kubwa.

"Nisamehe, kaka. La sanduku, na hili."

Kaka akakohoa muda mrefu, akafuta mdomo. "La sanduku nilishakusamehe zamani. Nilikuwa nangoja ulilete tuipange." Akayatazama yale majalada yaliyonyooka vizuri sana. "Hili ni la leo. Hili nipe muda."

Wote wawili walijua kwamba hana mwingi. Gundi akachukua namba nne, akakiweka nyuma ya namba tatu, akaendelea kupanga, maana kaka hakuwa amemwambia aache.