Chini ya Kibandiko

Kama umewahi kusikia kwenye simu sauti ya mama mmoja akisema, "Mwanangu alikuwa anakwisha huku namwona, nikamwachisha ngano, leo anaruka kamba," basi mama huyo ni mimi. Sauti ni yangu na hakuna aliyenishikia bakora. Naomba tu usome hapa mpaka mwisho kabla hujamfanyia mwanao nilichomfanyia wangu.

Mimi ni mkandaji kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Miaka kumi na moja nasimama meza ileile ya bati, mashine kushoto, joko kulia, na unga mpaka kwenye kope. Mwenzangu wa meza tulimpa jina Hamira, kwa kuwa alikuwa hachelewi kuumuka. Umwambie neno asubuhi, mchana limejaa kiwanda kizima. Lakini alikuwa mtu wangu. Nilipojifungua binti yangu, Hamira ndiye aliyenifulia nguo nikiwa siwezi kuinama. Mtoto alipojua kusema akamwita mama mdogo, na hakuna aliyemfundisha.

Siku moja Hamira akaacha kazi. Baada ya miezi miwili akaja kututembelea saa ya mapumziko, amevaa koti jeupe kama la daktari.

"Mshauri wa lishe," akasema, akijigusa kifuani.

"Mshauri wa nini? Juzi tu ulikuwa unaunguza trei nzima!" mtu wa joko akamtania.

"Chekeni. Hicho mnachokanda ndicho kinachowamaliza."

Akatueleza kwamba ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, ule mnato unaofanya donge livutike bila kukatika. Wako watu ambao gluteni ikiingia tumboni, mwili unageuka unapigana na utumbo wake wenyewe, mtoto anakula lakini chakula hakimshiki. Ugonjwa huo ni seliaki. Hapo hakusema uongo. Ugonjwa upo. Uongo mtupu ningeuona kwa mbali, mimi si mtoto. Hamira aliniuzia ukweli aliokwisha kuukata kipande.

Na mimi nilikuwa na jeraha lililo wazi. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, tumbo limevimba, miguu kama vijiti vya ufagio, anaharisha wiki nzima kisha anapumzika siku mbili. Mwalimu alikuwa akiniletea habari kwamba analala darasani. Hospitali walikuwa wamenipa tarehe ya vipimo.

Hamira akaja nyumbani, akaketi kitandani kwa mtoto, akambonyeza tumbo hapa na pale.

"Shoga, hii ni seliaki, haina mjadala. Hospitali watamtobolea nini? Mwachishe ngano leo. Akipata nafuu, hicho ndicho kipimo."

Tarehe ya hospitali ikapita. Jumamosi nikaenda kwenye darasa lake la uhamasishaji, ukumbi una viti vya plastiki na akina mama wamejaa hadi mlangoni. Mbele amepanga mifuko ya unga usio na ngano. Kila mmoja akapewa kijitabu cha kampuni inayotengeneza unga huo. Ukurasa wa nne ulikuwa na kibandiko cha manjano, duara, chenye namba ya Hamira na ua linalocheka. "Mkikwama, msihangaike na mtu mwingine. Pigeni hapo," akasema. Kijitabu nikakishika kama cheti. Kwangu mimi, neno likishapigwa chapa nilikuwa naliamini.

Baba yake mtoto hakukipenda. "Huyo Hamira ameumuka mpaka ametoka kwenye kopo," akasema. Nikamwambia anyamaze, haya ni mambo ya wanawake.

Nikafanya yote. Sufuria mpya, kisu kipya. Nikitoka kazini nabadilisha nguo nje ya mlango wa nyuma, naoga, ndipo namkumbatia mwanangu. Na ili asije akanidokolea kipande cha mkate, nikamwambia, "Ngano ni sumu yako. Ukila utakufa." Nilitaka aogope, akaogopa kweli. Darasani kwao waligawa keki ya mtoto mmoja. Alirudi akaniambia alikalia mikono yake yote miwili ili isije ikachukua. Nikamsifu.

Baada ya wiki tatu tumbo likashuka. Hamira akaja na simu. "Sema tu yaliyotokea, shoga, uokoe wenzio." Nikasema. Ndiyo ile sauti. Wenzangu kazini waliisikia, mtaa ukaisikia, jirani yangu wa nyumba ya pili akamwachisha mwanawe wa kiume siku ileile.

Mwezi wa nne tangu aache ngano, binti yangu akaanguka mstarini shuleni.

Hospitali tukakutana na daktari mwanamke, miwani ameipandisha kichwani. Akamvuta mtoto kope za chini, ndani zilikuwa nyeupe.

"Damu hana. Anakula nini?"

"Kila kitu isipokuwa ngano. Mwezi wa nne huu hajaonja," nikajibu kwa kujidai, kama mwanafunzi anayejua jibu.

Akaweka kalamu mezani. "Alipimwa kabla hujamwachisha?"

"Hapana. Alipata nafuu."

"Mama, kipimo cha damu kinatafuta alama za vita. Wewe umemwondoa adui, vita vimepoa, sasa mimi nitaona nini? Inaweza kuwa seliaki. Inaweza kuwa kitu kingine kabisa kinachomnyonya huku sisi tunaangalia ngano. Mmenifungia mlango."

"Tuufungueje?"

"Arudi kula mkate. Kila siku, kwa wiki sita angalau, nasi tunamwangalia. Ndipo tupime."

Nikamgeukia mwanangu. Alikuwa amesikia kila neno, na mikono yake ilikuwa chini ya mapaja.

Tulipofika nyumbani nikamtuma alete kile kijitabu nimpigie Hamira. Kumbuka, bado nilikuwa namtafuta anisaidie. Mtoto akakawia. Madaftari yake yote ameyajaza vibandiko, na lile ua lilikuwa limemtoa mate muda mrefu. Alikuwa amekaa sakafuni analibandua kwa ukucha.

"Mama, chini yake kuna maneno."

"Maneno gani?"

Akasoma kwa sauti ya darasani, neno moja moja: "Onyo. Usimwachishe mtoto ngano kabla ya kupimwa. Ukimwachisha, kipimo kinaweza kukosa kuonyesha ugonjwa."

Nikamnyang'anya. Nikasoma kwa kidole, mara tatu. Kisha nikavaa viatu.

Nilimkuta Hamira sebuleni kwake. Vijitabu vipya vimepangwa mezani, vimefunguliwa ukurasa wa nne, na karibu yake ana roli la vibandiko vya manjano.

"Karibu dada! Mbona unahema?"

Nikamwekea changu mbele yake. "Hiki nini?"

Akatazama. "Ah, hiyo. Kampuni wanaandika mambo mengi."

"Uliyaona haya maneno?"

"Kaa kwanza."

"Nimekuuliza, uliyaona?"

"Niliyaona. Basi? Ukiwaambia kumi wakapime, tisa wataambiwa hawana. Nani atabaki na unga wangu? Si utaliwa na fukusi?" Akashusha sauti, ile ya meza yetu ya bati. "Na wewe, shoga, mtoto si alipata nafuu? Kosa langu liko wapi?"

"Hao kumi ni wateja. Huyu anakuita mama mdogo."

Akainamia meza. Nikadhani limemwingia. Nikamtazama mkono: kidole gumba kilikuwa bado kinakandamiza kibandiko kingine, polepole, pembe kwa pembe, kishike vizuri.

Nikamwambia aifute sauti yangu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Iko kwa watu."

Kilichofuata ndicho nisichomtakia hata yeye. Nilioka mkate mwenyewe, nikaukata, nikamwekea mwanangu kipande.

"Ulisema nitakufa."

"Nilikosea, mama."

"Ulikosea au ulinidanganya?"

"Nilidanganywa."

"Halafu ukanidanganya."

Nikamsogezea kipande. Alikula. Alitafuna macho yakiwa kwangu, kama mtu anayekunywa dawa aliyopewa na asiyemjua. Siku ya tano tumbo likarudi. Nikashika beseni kwa mkono mmoja na mgongo wake kwa mwingine, na siku ya sita nikakata kipande tena. Nimekanda maelfu ya mikate maishani mwangu, lakini hiyo ya wiki sita naijua mmoja mmoja.

Baadaye wakamtoa damu, kisha wakamwingiza mpira wenye kamera mpaka tumboni. Ni seliaki. Kweli ni seliaki. Damu ilikuwa imemwisha miaka ile chakula kilipokuwa hakimshiki, na kuacha ngano peke yake hakukuirudisha.

Hamira alipopata habari hakuja kumwona mtoto. Alituma sauti mpya, ameiunganisha na yangu: "Mnaona? Nilisema mimi, hata kabla ya madaktari!" Aliyefumba macho akarusha jiwe akapata ndege, leo anajiita mwindaji. Jiwe hilohilo alimrushia mtoto wa jirani yangu. Yule hakuwa na seliaki hata chembe. Alikuwa na ugonjwa mwingine, uliokaa miezi mitano ukimla huku mama yake akimchungia mkate kwa sababu alinisikia mimi. Bado amelazwa. Nilikwenda wodini na chupa ya uji. Mama yake alinitazama, akavuta pazia.

Ndiyo maana naandika. Kama mwanao anaharisha na hakui, mpeleke akapimwe akiwa bado anakula anachokula. Ngano utaiacha kesho yake ukiambiwa. Anayekuharakisha uiache leo, muulize anauza nini.

Binti yangu sasa anaongezeka. Hospitali wametuelekeza unga ulio salama na namna ya kuupika, na mimi nimehamishiwa dirisha la mauzo, mbali na vumbi la mashine. Ila kuna kitu hakijapona. Kila mfuko ninaoleta nyumbani anauchukua, anakwenda nao dirishani kwenye mwanga, anapitisha ukucha pembeni mwa lebo yote, taratibu, aone kama chini yake kuna nyingine.

"Ni safi, mwanangu," namwambia. "Nimeshaisoma."

"Najua, mama," anasema, na ukucha unaendelea.