Match nul ya Casimir

Minye Augustin, muntu wa kazi mu usine ya shaba ya Shituru, sikukuwa na shida na Casimir juu ni muzungu. Shida yangu ilikuwa kwamba ni Muamerika, na Muamerika hapendi mupira. Alikuwa anafundisha hesabu mu sekondari moja hapa Likasi, Mukatoliki wa kweli, ananiita papa kama baba yake. Eugénie, mutoto wangu mumoja tu, alimupenda. Bibi yangu Marceline naye alisha kumupenda, hata minye sijamukaribisha kiti.

Nikasema bon, kama anataka kunibebea mutoto mpaka Amerika, kwanza nione moyo wake ku uwanja. Muntu anaweza kudanganya mu kanisa, lakini ku mupira hapana.

Nilimupeleka ku uwanja wa Kikula dimanche mbili, kiisha misa. Mungu wangu! Alikaa kama muntu anangojea kuitwa na docteur. Aliniuliza juu ya nini bachezaji bakatazwe kutumia mikono, na mikono Mungu alibapa. Aliuliza dakika ngapi zimebaki, nikamujibu arbitre, ule wa firimbi, njo anajua, akaangalia saa yake na huzuni. Kwao, asema, ku muchezo wa kupiga mupira na fimbo, hesabu yote inatundikwa juu, kila muntu anaiona. Kwao banasimama kila mara, bantu banakula, banabishana kidogo, kiisha muchezo unaendelea. Huku kwetu, akigeuka tu kukohoa, goli ya siku nzima inamupita.

Dimanche ya pili ilikuwa zéro-zéro. Aliniuliza nani ameshinda. Nikamwambia hakuna, ni match nul, twende nyumbani. Alibaki amesimama, anaangalia bantu banatoka na kuimba.

Nilimwambia Marceline ule kijana iko na moyo wa mbao. Lakini acha niseme ukweli, nilifurahi. Nilikuwa natafuta sababu, nikaipata. Amerika ni mbali, na minye nilikuwa naogopa mpaka usingizi unakataa.

Samedi, Casimir alikuja nyumbani na abbé mumoja, padri wa kumusemea, kuomba mutoto. Tuliongea sana. Niliuliza bataishi wapi, akajibu miaka mbili hapa, kiisha kwao. Sikukatala, sikukubali. Wakati wa kuagana, juu minye nikiogopa ninatafuta kichekesho, nilimwambia:

"Basi, mwana, leo ni match nul."

Abbé alicheka. Casimir aligeuka mwekundu, akashika mukono wangu na mikono yake yote mbili, akanishukuru kwa chakula, kwa uwanja, kwa kila kitu. Niliona shukrani imezidi kipimo. Lakini nilienda kufungua chupa yangu ya bière ya Simba, nikakunywa.

Kesho yake, kiisha misa, Eugénie aliingia na barua mu mukono. Casimir anapanda treni ya saa sita. Ameandika kwamba papa amemuita nul, na yeye hawezi kuoa mutoto wa muntu anayemuona hivyo. Eugénie hakunitukana. Alikaa chini ku mulango na robe yake ya kanisa, akalia. Heri angenitukana.

Nikasema namna gani, mbona sikumukatala? Njo Eugénie akanielezea. Casimir alijifunza Kifaransa mu kitabu, na mu kitabu nul ni kitu bila maana, kitu cha kutupa. Hata ile siku ya Kikula, alifikiri match ile haihesabiwe.

"Papa, aliona bantu bote bale banaimba juu ya kitu kimetupwa," alisema. "Alifikiri njo sababu hawezi kuelewa mupira yenu."

"Weye na mupira yako," Marceline alisema.

Nilichukua kinga, baiskeli yangu ya kazi, na kuipiga mpaka ku gare ya treni, na ndala za nyumbani ku miguu. Nilimukuta amekaa juu ya valisi yake ya nguo. Pumzi ilikuwa inakatika, lakini nilianza kumwelezea pale pale: nul haitupwe, kila mumoja anapata pointi yake, anaenda nayo kwao, na siku ingine banaonana tena ku match retour.

"Juu ya nini hukusema ndiyo tu, papa?" aliniuliza.

Hapo kichekesho kilikosekana.

"Sikutaka kukushinda, mwana," nilimwambia. "Nilitaka urudi. Weye ukirudi, hata Eugénie atarudi."

Alifunika uso na mikono. Treni ilipiga honi, lakini yeye hakusimama kuipanda. Nilikaa karibu yake, juu ya ile valisi, nikamuuliza kweli mupira wetu anauchukia hivyo.

"Sijaupenda," alisema, na nilimupendea ukweli ule. "Ule wa kwetu, wa fimbo, baba yangu njo alinipeleka nikiwa mudogo. Alikuwa anaweka mukono hapa ku bega, ananielezea. Huu wenu hakuna muntu alinipeleka. Weye njo wa kwanza."

Niliweka mukono ku bega lake. Treni ilienda, tukaiangalia mpaka imeisha.

"Oa mutoto wangu," nilisema. "Mukae kule munataka. Lakini batoto benu, mubalete hapa. Minye njo nitabapeleka ku uwanja."

Alisema ndiyo, papa. Tulifunga valisi ku kinga, tukarudi na miguu.