Tanga Sebuleni

Bi Sindano alishona magauni ya harusi kwa miaka thelathini. Alipostaafu, mumewe Mwalimu alimletea zawadi ambayo hakuiomba: mashua ya kusafiria, yenye vitanda viwili, jiko dogo na tanga lililochoka.

"Tutazunguka visiwa vyote," alisema Mwalimu, macho yakimng'aa.

Walilipeleka tanga kwenye duka la vifaa vya mashua. Muuzaji akalivuta kidogo tu, mshono ukaachia prrr!

"Hili limekufa, mzee wangu. Chukua jipya."

Mwalimu alikuwa keshaanza kupapasa matanga mapya. Bi Sindano akainama. Akakifikicha kitambaa kwa vidole, akakivuta huku na huku. Kitambaa kikagoma kuchanika. Akachomoa uzi; ukakatika kama tambi kavu.

"Kitambaa kizima hiki. Jua limekula uzi tu. Nipe uzi mnene usioogopa jua, na sindano zake."

"Mama, hili si gauni," muuzaji akasema.

"Najua, baba. Gauni lina bibi harusi wa kunisumbua. Hili halina."

Nyumbani, makochi yalihamia barazani na meza ikapanda kitandani. Tanga lilijaa sebule nzima, ncha yake ikachungulia jikoni. Bi Sindano aliketi sakafuni na cherehani yake ya mkono, huku Mwalimu akitambaa chini ya kitambaa kumsogezea. Walifanya hivyo siku tatu, mshono kwa mshono. Siku ya tatu Mwalimu akataka kuinuka, akashindwa.

"Mke wangu, umenishona!"

Kweli, mkono wa shati ulikuwa umeungana na tanga. Bi Sindano alicheka hadi akalala chali, na mumewe akacheka humo humo alimonaswa.

"Tulia nikufumue. Miaka yote hii natafuta msaidizi asiyetoroka!"

Siku ya majaribio upepo haukuwa na mzaha. Bi Sindano alishika usukani, Mwalimu akapandisha tanga. Likapiga kofi moja, likajaa, mashua ikalala ubavu na kuanza kukata maji. Bi Sindano akaukumbuka mshono wake. Gauni likifumuka, bibi harusi hujifunika mtandio. Hapa wangejifunika nini? Akainua macho, akaufuata mshono kutoka chini hadi kileleni. Ulikuwa umekaza, umenyooka, hakuna hata tundu moja lililopanuka.

"Umeshika!" Mwalimu akapiga kelele. "Fundi wangu, umeshika!"

Bi Sindano akajikuta anapiga vigelegele katikati ya maji, kama yuko harusini.

"Haya, tugeuze kwenye lile boya," Mwalimu akasema. "Leo tulikuja kujaribu tu."

Mbele yao kisiwa cha kwanza kilikuwa kimeanza kuonyesha miti yake.

"Tumeshajaribu," akajibu Bi Sindano, na boya likapita pembeni. "Hebu nimiminie chai."