Mtende wa Ndoo ya Rangi

Usiku wa jana niliota mtende wangu umenishtaki, na nasema mapema kwamba sikulala na njaa wala sikula maharage. Nilikunywa uji, kama kila siku, aliopika mwanangu Mwanamvua.

Mtende wenyewe uko roshani kwetu, ghorofa ya tatu, hapa Tanga, ndani ya ndoo ya rangi. Kitovu cha Mwanamvua kilipodondoka nilitakiwa nikizike na kupanda mnazi juu yake, kama wafanyavyo watu wenye ardhi. Mimi mpangaji. Nikachukua ndoo waliyoiacha mafundi, nikajaza udongo, nikafukia kitovu, na juu yake nikachomeka kokwa ya tende, maana mnazi usingeenea. Nikanuia mtoto asije akaenda mbali na mimi. Miaka ishirini na tisa sasa, na hajaenda.

Basi nimesimama roshani na kopo la maji. Mtende unaniambia, "Usinimwagie. Leo tumeitwa."

"Na nani?"

"Ofisi ya Vyungu. Vaa viatu."

Nageuka kutafuta viatu, na roshani si roshani tena, ni ukumbi wenye mabenchi, na kwenye mabenchi imekaa mimea ya jengo letu zima. Mrehani wa jirani yangu unaniamkia shikamoo. Naitikia marahaba. Ugomvi wangu ni na jirani, mrehani haujanikosea kitu.

Nyuma ya meza amekaa sepetu, amevaa miwani.

"Jina lako?"

"Mama Mwanamvua."

"Nimeuliza lako, si la mwanao."

Nikafikiri sana. Sikulikumbuka. Sepetu akaandika: halipo.

"Mizizi imetoka chini ya chombo?"

"Haijatoka," nikasema.

Mtende ukainua ndoo yake kama mwanamke anayeinua kanga avuke maji. Mizizi ilikuwa imepita kwenye lile tundu nililotoboa kwa msumari wa moto, na ilikuwa imevaa kandambili. Za buluu. Moja imekatika, imeshonwa kwa waya.

"Za nani hizo?"

"Za Mwanamvua," nikasema, kwa kuwa zilikuwa zake na sepetu alikuwa ananikodolea macho.

"Sheria inasema mizizi ikitoka, mmea uhamishiwe chombo kipana zaidi kwa vidole viwili. Lete vidole viwili."

Nikampa cha shahada na cha kati, vya mkono wa kulia. Vilichomoka bila maumivu, kama njegere kwenye ganda. Akavipima kwa rula, akavigongea muhuri, akavitia kwenye faili.

"Utauhamisha lini?"

"Mwakani."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

"Mwaka jana nilikuwa na presha."

Na hapa nisieleweke vibaya. Presha ninayo kweli, hospitali wanajua. Ila hupanda zaidi Mwanamvua anaposhika begi. Alipopata kazi ya kufundisha Newala, ilipanda. Alipoposwa na yule kijana wa Pangani, ilipanda wiki mbili mpaka kijana akaoa kwingine. Sasa ameitwa tena, Newala hiyo hiyo, aripoti Jumatatu, na basi la mwisho la kumfikisha kwa wakati ni la Jumamosi saa mbili asubuhi. Tangu Alhamisi siwezi kunyanyua hata sahani.

"Nikiuhamisha nitakikoroga kitovu," nikamwambia sepetu. "Kitovu kikikorogwa, mtoto atapotea."

Sepetu akavua miwani, akaifuta. "Chimba," akasema.

Palepale niko ndani ya ndoo. Ndani ni pana, ni kituo cha mabasi, na mizizi imepanga foleni. Foleni inafuata ukuta wa ndoo, inazunguka, inarudi ilikoanzia. Hakuna basi. Katikati ya foleni yuko Mwanamvua mwenye miaka saba, nyuma yake Mwanamvua mwenye miaka kumi na tisa, nyuma yake huyu wa sasa, na wote watatu wameshika begi moja la kijani.

"Unakwenda wapi?" namuuliza huyu wa sasa.

"Nazunguka tu, mama. Umeshakunywa dawa?"

Nachimba kwa vidole vitatu. Napata rangi iliyokauka. Napata kibanio changu cha nywele kilichopotea enzi marehemu mume wangu yu hai. Kitovu hakuna.

"Kitovu kiko wapi?" nauuliza mtende.

"Nilikila."

"Lini?"

"Hata arobaini haikufika. Wewe ulikuwa bado unakunywa uji wa pilipili manga."

Nikakaa chini kwenye udongo. "Sasa kimemzuia nini miaka yote hii?"

"Kila akikata tiketi unalala mlangoni," mtende ukasema, kwa adabu. "Mtu atamruka vipi mama yake?"

Nikaukasirikia, sitaficha. Nikauambia nimeulea kama mtoto, samadi nimeupa, maji nimeupa kila jioni, hakuna siku niliyousahau.

"Umenimwagia na siku ambazo sina kiu. Upande wa ukutani nimeoza. Na huko ukutani kuna begi la mwanao, liko pale tangu Rajabu. Mimi ndiye ninayelifunika, na nimechoka."

Sepetu akafunga faili. Nikamuomba vidole vyangu. Akaniambia nivifuate mwakani.

Nikaamka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Kumekucha, Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, na jikoni Mwanamvua anakoroga uji. Nikatoka roshani miguu mitupu. Nikaishika ile ndoo kwa mikono miwili, mimi nisiyeweza kunyanyua sahani, nikaiburuza.

Kati ya ndoo na ukuta palikuwa na begi la kijani.

Juu yake pameanguka jani kavu la mtende. Nikafungua zipu. Magauni mawili, cheti chake cha ualimu ndani ya mfuko wa plastiki, kandambili mpya ambazo bado zina karatasi ya dukani. Chini begi limelowa na kuota ukungu, kwa maji yangu ya kila jioni.

Niliona aibu. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nilikuwa peke yangu. Maneno yalikuwa yamenifika mdomoni: nenda, mwanangu, utachelewa basi.

"Mama?" akaita kutoka jikoni. "Umeamka? Nini hicho kinaburuzwa?"

Nikafunga zipu. Nikalirudisha jani juu ya begi kama nilivyolikuta, nikaisukuma ndoo mpaka ikagusa ukuta.

"Ni huu mtende wako," nikasema. "Nilitaka kuusogeza kidogo, kifua kikanibana."

Kisha nikalala sakafuni, mlangoni. Nikasikia mwiko unawekwa chini, na waya wa kandambili ukikwaruza sakafu, ukija mbio.